Utamu Uliomo Ndani ya Tunda na Maji Yanayouficha

Mara ya kwanza nilipokausha maembe nyumbani, niliyatoa kwenye oveni baada ya saa tatu yakiwa yamekunjamana vizuri, makavu kwa juu na yenye rangi ya kuvutia, nikayatia kwenye kopo la kioo na kulifunga nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Siku ya tano binti yangu, ambaye nilikuwa nimemwahidi kwamba hayo ndiyo yatakayochukua nafasi ya peremende, aliniletea lile kopo akaniuliza pamba nyeupe iliyomo ndani imetoka wapi. Ulikuwa ukungu. Nilitupa kilo mbili za maembe niliyoyachagua moja baada ya jingine, na nilisikitika zaidi kwa sababu sikujua nilikosea wapi, kwa kuwa kila kipande nilikuwa nimekigusa kwa kidole na kila kimoja kilikuwa kikavu.

Kosa lenyewe, nililokuja kulielewa baadaye, lilikuwa haraka. Nilikuwa nimeweka oveni kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, joto ambalo hukausha sehemu ya nje ya kipande kabla maji ya ndani hayajapata nafasi ya kutoka, na ile sehemu ya nje ikishakauka hugeuka gamba linaloyafungia maji humo humo. Kipande kama hicho kikiwekwa koponi, maji huanza kutambaa polepole kuelekea nje, gamba hulainika, na ukungu hupata unachokihitaji. Tangu siku ile nimeamini kwamba anayetengeneza vitafunwa vitamu kwa matunda na mboga ana kazi moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni kuamua afanye nini na maji. Sukari tayari imo, harufu imo, rangi imo. Nyama ya embe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, karoti hukaribia asilimia 88, ndizi mbivu ni asilimia 75 hivi. Ukiyaondoa maji hayo, ukiyagandisha, ukiyafunga au ukiyaacha yalainishe unga, kila mara unapata kitu kingine kabisa kutoka tunda lile lile.

Kwa embe, sasa ninafanya hivi. Ninachagua maembe yaliyoiva lakini ambayo bado hayajalegea, kwa maana yaliyolegea hayakatiki vizuri na ni bora yasagwe. Ninayamenya na kuyakata vipande vya unene wa milimita 5, nikijitahidi unene huo uwe sawa kila mahali, jambo ambalo ninaliona kuwa muhimu kuliko jingine lolote katika ukaushaji, kwa sababu kipande chembamba kitakuwa kigumu kama ubao wakati kinene bado kinatoa unyevu. Tufaha, peasi na ndizi, ambazo hugeuka kahawia haraka zikishakatwa, ninazilowesha kwanza kwa dakika 10 katika mchanganyiko wa nusu maji na nusu maji ya limau; asidi ya limau huvizuia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya tunda, vinavyosababisha weusi huo. Kisha vipande vinapangwa kwenye trei bila kugusana, oveni inawekwa nyuzi 60, na mlango unaachwa wazi kidogo ili mvuke upate njia ya kutoka. Kazi hiyo huchukua saa 8 hadi 10, na wakati mwingine zaidi. Ikiwa oveni yako haiwezi kushuka hadi joto hilo, ninakushauri kwa dhati usiilazimishe, bali utumie kikaushio cha umeme au ugeukie njia nyingine nitakazozieleza, kwa kuwa hasara yangu ya kilo mbili ilianzia hapo hapo.

Kipande kisipimwe kikiwa cha moto, maana joto hukifanya kionekane laini kuliko kilivyo. Kiache kipoe, kisha kichane katikati: ikiwa hakuna tone la maji linalojitokeza mahali kilipochanika, na kinakunjika bila kujinata chenyewe, kimekauka. Hata hivyo bado hakijawa tayari kuhifadhiwa. Vipande hutiwa koponi hadi theluthi mbili tu, kopo linafungwa, na kwa siku 7 hadi 10 linatikiswa kila siku ili unyevu uliobaki kwenye vipande vinene ugawanyike kwa vyembamba. Kioo kikionekana na ukungu wa mvuke kwa ndani, vyote vinarudi kwenye oveni. Kazi hii ya kutikisa na kuchungulia nimemwachia binti yangu, naye huifanya kwa makini yanayonifurahisha sana. Kila jioni huliinua kopo kwenye mwanga wa taa na kulizungusha taratibu kabla ya kutoa hukumu yake.

Maembe yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na vipande visivyo na umbo, ninayasaga hadi yawe rojo laini, kisha ninalitandaza rojo hilo kwenye karatasi ya kuokea kwa unene wa milimita 3 katikati na zaidi kidogo pembeni, kwa sababu pembeni hukauka mapema. Joto ni lile lile la nyuzi 60, kwa saa 6 hadi 8. Unapobonyeza katikati na kidole kisiache alama, utando umekauka, na inafaa kuubandua ungali na uvuguvugu, kuukunja pamoja na karatasi safi na kuukata vipande. Usitumie karatasi ya nta, kwani utando hushikamana nayo na hautabanduka. Utando wa embe pekee ni mtamu mno kwa ulimi wangu, hivyo ninauchanganya na karoti zilizochemshwa na kusagwa, sehemu moja ya karoti kwa sehemu tatu za embe, pamoja na maji ya limau moja. Rangi haibadiliki, na utamu unapata ukali unaoufanya usichoshe.

Jambo hili la utamu linahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa ninaona watu wengi wakidhani kwamba kitu kikitokana na tunda basi hakina kipimo. Kilo moja ya nyama ya embe ikikaushwa hubaki gramu 200 hivi, na sukari yote iliyokuwamo kwenye ile kilo imo ndani ya gramu hizo. Mtoto ambaye asingemaliza maembe mawili kwa mara moja anaweza kuyamaliza yakiwa yamekaushwa, akaomba mengine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya chakula cha siku, na likaihesabu pamoja nayo sukari iliyomo kwenye asali, sharubati na maji ya matunda yaliyokamuliwa. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haikuhesabiwa. Kwa hiyo anayeondoa vijiko vinne vya sukari kwenye keki na kuweka vijiko vinne vya asali hajapunguza kitu. Nyumbani kwangu vipande vikavu hutolewa vitatu au vinne, mara tu baada ya chakula na si katikati ya siku, kwa kuwa hunata kwenye meno na kukaa hapo kwa muda mrefu.

Njia ya kugandisha ni rahisi zaidi, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Ndizi zilizoiva hadi ganda likawa na madoadoa meusi ndizo zinazofaa, kwa sababu katika kuiva karibu wanga wote wa ndizi hugeuka sukari; iliyo ya kijani itakupa kitu cha unga unga kisicho na ladha. Zikate vipande vya sentimita 2, uzigandishe usiku mzima zikiwa zimetandazwa ili zisishikamane, kisha uzisage kwa mashine yenye nguvu. Mwanzoni zitakuwa kama mchanga na utadhani zimekataa. Endelea kusaga, ukisimama mara kwa mara kukwangua pembeni, na baada ya dakika chache zitageuka ghafla kuwa laini na nzito kama aiskrimu ya maziwa, ingawa hukuongeza maziwa wala mafuta. Ulaini huo unatokana na sukari za ndizi yenyewe na pektini yake, yaani ule utomvu wa tunda unaolifanya rojo kuwa zito, ambazo huzuia chembe za barafu zisiwe kubwa. Tikiti maji halina uwezo huo. Lenyewe likigandishwa huwa jiwe, na kwa sababu hiyo mimi hulisaga pamoja na ndizi moja au embe. Kumbuka pia kwamba ubaridi hupunguza ulimi kuhisi utamu, hivyo rojo la kugandisha linapaswa kuwa tamu zaidi kidogo kuliko unavyolitaka linapoonjwa likiwa la kawaida, na tunda lililoiva sana ndilo hutimiza hilo bila sukari.

Kuhusu kuyafunga maji, yaani kutengeneza jeli, nitaeleza kosa moja tu ambalo wengi hulirudia. Nanasi bichi, papai bichi na kiwi, na hapa kwa ubichi ninamaanisha kutopikwa, vina vimeng'enya vinavyovunja protini, na jelatini ni protini. Utaingoja jeli hiyo kwenye friji hadi kesho yake na bado itabaki maji. Mimi niliingoja siku mbili, nikiongeza jelatini kila mara. Chemsha nanasi kwa dakika chache kwanza, na vimeng'enya hivyo hufa. Au tumia agari, unga unaotokana na mwani, ambao si protini na hausumbuliwi na nanasi: gramu 4 kwa nusu lita ya rojo jepesi, uchemshwe kwa dakika 2 au 3 huku ukikoroga, na utaganda wenyewe hata nje ya friji.

Mboga ndizo zinazonipendeza kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayezitarajia kwenye vitu vitamu. Karoti mbichi iliyokunwa huleta unyevu kwenye biskuti bila siagi nyingi. Ninaponda ndizi mbili mbivu, ninaongeza gramu 120 za oti, gramu 80 za karoti iliyokunwa laini, mdalasini na chumvi kidogo sana, ninaviacha vikae dakika 15 ili oti zinywe unyevu, kisha ninaoka vidonge vidogo kwa nyuzi 180 kwa dakika 18 hivi. Ninaongeza na kijiko cha karanga zilizosagwa, kwa ajili ya ladha na pia kwa sababu rangi ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Biskuti hizi hazidumu. Karoti imeleta maji na hakuna sukari nyingi ya kuyashika, hivyo zikae kwenye friji na ziliwe ndani ya siku tatu, au zigandishwe. Hali ni hiyo hiyo kwa vidonge vya tende na korosho: tende peke yake hudumu muda mrefu, lakini ukishaichanganya na karoti mbichi umerudisha maji yaliyokuwa yameondolewa.

Bitiruti inahitaji asidi. Nilipooka keki ya bitiruti kwa mara ya kwanza, mchanganyiko ulikuwa mwekundu kama ua, na keki ilitoka kahawia, kwa kuwa magadi ya kuokea na joto huiharibu rangi ile. Maji ya limau kijiko kimoja au viwili, na baking poda badala ya magadi matupu, huokoa sehemu ya wekundu, ingawa si wote. Anayetaka wekundu kamili aiweke bitiruti kwenye kitu kisichopikwa, kama vile rojo la kugandisha.

Kwa wenye watoto wadogo, yako mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha. Asali asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ikiwa imeokwa ndani ya biskuti, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazosababisha ugonjwa wa botulizimu, ambazo utumbo wake haujaweza kupambana nazo na ambazo joto la oveni ya kawaida haliziui. Zabibu zima, korosho nzima na vipande vigumu vya karoti mbichi hukwama kooni. Kwa walio chini ya miaka mitano, zabibu zikatwe kwa urefu mara nne, korosho na karanga zisagwe, na karoti ikunwe au ipikwe hadi ilainike.

Nimekiweka kiazi kitamu mwisho kwa sababu ndicho ninachokitengeneza mara nyingi zaidi, na hakihitaji chochote isipokuwa muda. Ndani yake kimo kimeng'enya kinachoukata wanga na kuugeuza sukari, nacho hufanya kazi kwa bidii joto la ndani likiwa kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Kikipikwa kwa haraka, joto hupita kiwango hicho kabla kazi haijafanyika, na unapata kiazi kilichoiva lakini kisicho na utamu wake wote. Kwa hiyo ninakiosha, ninakiweka kikiwa na ganda kwenye oveni baridi, ninaiwasha kwenye nyuzi 150 na kukiacha kwa saa moja na nusu au zaidi kulingana na unene wake. Sikitoboi. Maji hupungua polepole, ganda huanza kuachana na nyama, na jikoni hujaa harufu ya sukari inayoungua kidogo. Kwenye ncha zake hutoka majimaji mazito ya kahawia yanayonata kidoleni kama asali, na nikiyaona hayo ndipo ninapozima moto.