Anayekohoa angalau anaonekana
Wanafunzi wa Bukavu, mvua ikianza tu mnafunga madirisha yote ya auditorio (ukumbi wa mihadhara), kisha mnayemkwepa ni anayekohoa tu. Mwenye virusi vya influenza huweza kuambukiza siku 1 hivi kabla ya dalili. Wa COVID-19, siku 1 hadi 2, na wengine hawaumwi kabisa ila huambukiza. Kuongea kunatosha kueneza virusi! Sauti ikipanda, vitone vya mate vinaongezeka, na vile vidogo sana huelea muda mrefu chumba kikifungwa. Kupima joto mlangoni hakumnasi asiye na homa. Fungueni madirisha ya pande zinazotazamana, hata kwa upana wa kiganja, hewa ipite; dirisha moja halisaidii sana. Mnaolala mmebanana chumba kimoja, mmoja alaze kichwa upande wa miguu ya mwenzake. Na barakoa ifunike pua, jamani.