Mtungi wa Saba

Kufikia katikati ya Aprili 2020 nilikuwa nimekaa wiki tatu bila kushika brashi. Mimi ni mwandishi wa vibao hapa Mathare, Nairobi: kinyozi, bucha, duka la M-Pesa, na mara mojamoja mgongo wa matatu. Kinyozi alikuwa amefunga kwa sababu ya korona. Matatu ya abiria 14 ilikuwa inabeba 8, sasa nani angelipia picha ya simba? Nyumbani nilikuwa na nusu mkebe wa rangi ya mafuta ya njano, masalio ya kazi ya mtu ambaye hajamaliza kunilipa hadi leo. Nyeusi nilikuwa nayo kidogo, nyeupe nikaomba kwa jirani.

Njano ikikujia namna hiyo, utachora nini kama si mtungi wa maji wa lita 20?

Karibu na Juja Road kuna kioski cha maji, na hatua chache kutoka hapo kuna ukuta. Mwenyewe simjui. Siku zile, mitungi pale kioskini ilikuwa inapangwa foleni safi kabisa, mita moja moja kama tulivyoambiwa, huku wenye mitungi wamejazana kivulini wakipiga stori. Nilicheka peke yangu. Mitungi ilikuwa na utiifu kuliko sisi.

Basi nikaamua kuichora saba kwa foleni, kila mmoja na barakoa yake. Ruhusa sikuomba. Ningeomba wapi, na ofisi zimefungwa? (Hata zingekuwa wazi nisingeenda, tusidanganyane.) Kafyu ilikuwa inaisha saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo nilikuwa natoka dakika hiyohiyo, simu mdomoni kama tochi, nikipiga kazi hadi watu wa maji waanze kuja. Barakoa ya maua ya kitenge ndiyo ilinimaliza: asubuhi nzima kwa mtungi mmoja.

Siku ya tatu, mtungi wa saba nimeujaza njano tu, nikasikia nyuma yangu, "Kijana, barakoa iko wapi?"

Polisi. Faini ilikuwa shilingi 20,000 au jela miezi sita. Barakoa nilikuwa nayo mfukoni, ila nilikuwa nimeifuta nayo brashi. Nikaivaa hivyohivyo, inanuka thina, macho yananitoka machozi. Akanitazama, akatazama ukuta, akarudi kunitazama mdomo wa njano. Habari ya ruhusa hakuigusa. "Toka hapa," akasema, na niliona mabega yanamcheza akigeuka.

Sikurudi kumalizia. Wiki iliyofuata nilipeleka mtungi wangu kioskini kama mtu yeyote, nikajiunga na walio kivulini. Mama mmoja anayefua nguo za watu akaniita.

"We fundi, huyu wa mwisho mbona hana barakoa?"

"Huyo ndiye mimi, mama."

"Basi rudi nyuma mita moja."