Chupa ya maji pembeni ya mto

Leo Jumanne mdogo wangu kapigwa mionzi ya uvimbe wa kichwani kwa mara ya 17, zimebaki nane. Saa tano usiku hii, mdogo wangu kalala na chupa yake ya maji pembeni ya mto kama kawaida, mi usingizi umegoma ndo maana naandika.

Hiyo chupa ndo ilianza mambo yote. Mwaka jana alianza kunywa maji kupita kiasi, jagi zima anamaliza, saa nane usiku unamsikia jikoni, mara chooni, mara jikoni tena. Tukajua sukari. Zahanati moja ya jirani wakampima sukari iko sawa, wakampa dawa za UTI, tuliporudi wakasema mtoto kajizoesha tu, mpunguzieni maji. Tukampunguzia kweli. Mi ndo nilikuwa nafunga mlango wa jikoni na ufunguo nalala nao, kijana wa miaka 14 anagonga ananiambia dada koo linaniuma naomba hata kikombe kimoja, namwambia lala. Hili sijamwambia mtu mpaka leo.

Halafu ikaja ya mpira. Yeye ni kipa, ya chini anadaka vizuri tu ila ya juu yote ikaanza kumpita, wenzake wakamtoa golini wanasema kawa mzembe. Kumbe macho yalikuwa hayapandi. Tulikuja kujua baadaye kabisa, kichwa kinamuuma, kila asubuhi anatapika, ndo tukapelekwa kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Vivimbe viwili, kimoja nyuma kwenye tezi ya pineali kinakandamiza sehemu inayoinua macho, kingine mbele karibu na pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, hicho ndo kiliharibu ile homoni inayoiambia figo ibane maji. Yani mtoto alikuwa na kiu ya kweli. Maji ya kichwani nayo yalikuwa yamezibiwa njia, wakampasua wakatoboa njia nyingine kwa kamera na hapohapo wakachukua kinyama cha kupima. Jibu likaja jeminoma, aina ya saratani.

Dokta alitueleza kwa utulivu sana, kwamba hii inatokana na seli zilezile za uzazi ambazo mtoto akiwa bado tumboni zilipotea njia zikabaki kichwani, na inawapata zaidi vijana wa umri wake. Akasema kitu ambacho nilimuomba arudie, kwamba kati ya uvimbe wote wa kichwani huu ni katika ile inayosikia mionzi kuliko yote, wanaopona ni zaidi ya asilimia 90. Shangazi akauliza, dokta, mionzi si ndo wanapewa walioshindikana? Najua wengi wanafikiri hivyo, hata mi nilifikiri hivyo, kumbe sivyo.

Akaanza na dripu za kemo, dawa za saratani, Muhimbili, nywele zikaenda, kisha ndo mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani. Jumla gray 40 (gray ni kipimo cha mionzi), kila siku 1.6, Jumatatu mpaka Ijumaa, mara 25. Zile 15 za kwanza walipiga ventrikali zote, yale mapango ya maji ndani ya ubongo, na tangu jana wanapiga vivimbe vyenyewe tu. Nilishangaa kwa nini wasipige kivimbe tu toka mwanzo wamuache mtoto na ubongo wake. Kumbe huko Ulaya walishajaribu kwa watoto waliopata kemo kwanza, na waliorudiwa, ugonjwa uliwarudia hasa kwenye kuta za hayo mapango. Na wakipiga ubongo mzima kwa dozi kubwa mtoto anapona ila darasani anakuwa mzito, kumbukumbu inapungua. Kwa hiyo wanatafuta katikati, na hiyo katikati nayo ina gharama zake ambazo tutazijua akikua.

Mashine yenyewe haiumi. Kinachomsumbua ni ile barakoa, wanailainisha kwenye maji ya moto wanaikandamiza usoni mpaka ishike sura yake, kila siku wanamfungia nayo mezani asitikisike. Akitoka ana alama za wavu paji lote la uso. Kichefuchefu kidogo, usingizi mwingi.

Tatizo la kiu halitaondoka. Hilo nalo dokta alisema waziwazi, uvimbe utayeyuka lakini ile homoni hairudi, desmopresini, dawa inayofanya kazi ya hiyo homoni, ni ya kila siku maisha yote. Nikatoka nje kwanza.

Leo tulipomaliza tukakaa kwenye benchi tunasubiri bajaji, upepo wa bahari unapiga, kunguru wamejaa juu ya mti. Akaniambia dada nishikie kidevu kisipande, nione kama macho yanaweza yenyewe. Nikamshika. Yakapanda kidogo, yakatetemeka, yakarudi. Akasema ameona tawi la katikati, wiki iliyopita alikuwa anaona shina tu. Akaomba maji, nikamfungulia chupa.