Nilivyozipima prosesa kwa mashine zangu, si kwa grafu za tangazo

Mwishoni mwa 2024 nilizipa nguvu kompyuta za kibanda changu cha gemu hapa Kikwajuni, Unguja, bila kununua hata prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) moja ya kizazi kipya, na vijana wanaocheza Counter-Strike 2, gemu ya kufyatuliana risasi, waliiona tofauti siku hiyohiyo. Naeleza nilivyofika hapo kwa sababu vijana hawaishi kuniuliza fedha zao waziweke wapi, na wengi huja tayari na jibu walilopewa na tangazo.

Mwaka ule makelele yalikuwa mengi. AMD, moja ya kampuni mbili kubwa za prosesa, ilitangaza Juni kwamba prosesa zake mpya za Ryzen 9000 zinafanya kazi zaidi kwa kila mpigo wa saa, wastani wa asilimia 16. Zilipoingia sokoni Agosti, wapimaji huru wakaiweka Ryzen 7 9700X kando ya 7700X ya 2022, na kwenye gemu nyingi tofauti ikawa ya asilimia chache tu. AMD ikasema sehemu ya tatizo iko kwenye Windows, na sasisho likatoka. Sasisho lilisaidia kweli, ila liliziinua na Ryzen za kizazi cha nyuma, kwa hivyo aliyekuwa na 7700X alipata faida yake bure. Oktoba ikaja Intel, mpinzani wake, na prosesa ya Core Ultra 9 285K. Umeme inakula kidogo kuliko waliotangulia, hilo nalikubali, lakini kwenye gemu nyingi ilibaki nyuma ya Core i9-14900K ya kizazi kilichopita. Sababu mojawapo ni kwamba kidhibiti cha ramu, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, kilihamishiwa kwenye kipande kingine cha silikoni, na data ikawa inachelewa kufika kwenye viini vinavyofanya hesabu. Kazi ya kuhariri video haiumii sana kwa kuchelewa huko. Gemu huumia.

Ile asilimia 16 haikuwa uongo. Ilikuwa wastani wa kazi za aina nyingi, zikiwemo za kuchora na kukokotoa, ambazo kibandani kwangu hakuna anayezifanya.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye hunisaidia jioni akitoka skuli, ndiye aliyeniletea grafu ya kwanza kwenye simu. "Ami, hii inaifunika yetu mbali." Nikamwambia asome maandishi madogo chini. Kadi ya picha, kifaa kinachochora picha za gemu, iliyotumika ilikuwa RTX 4090, na sisi tuna RTX 3060 iliyo dhaifu zaidi. Kwa mpimaji hiyo ni njia sahihi kabisa: anachukua kadi kali kupita zote na kushusha ukubwa wa picha ili prosesa peke yake ndiyo ibaki ya kulaumiwa. Mnunuzi lakini anataka kujua jambo jengine, yaani kwenye mashine yake mwenyewe nani anamsubiri nani.

Basi tukaanza na mashine zetu. Zilikuwa na Ryzen 5 3600 ya 2019, mazabodi (bodi kuu) za B450, na skrini mbili za hezi 144, yaani zinazoonyesha picha 144 kwa sekunde, nyengine za hezi 60. Nikaweka MSI Afterburner, programu ya bure inayoonyesha pembeni mwa skrini kadi inatumika kwa asilimia ngapi na fremu, yaani picha zinazochorwa, ni ngapi kwa sekunde. Halafu kila gemu tukaicheza mara mbili sehemu ileile, kwanza kwa picha ya ukubwa wa 1080, kisha kwa ndogo ya 720, mipangilio mengine tukiiacha kama ilivyo.

Kwenye gemu za mwituni, zile zenye miti, maji na vivuli, kadi ilikuwa juu ya asilimia 95 muda wote, na tuliposhusha picha fremu zikapanda sana. Hapo prosesa ilikuwa imekaa inasubiri, na hata ungeiwekea ile ya bei ya juu kuliko zote duniani isingekupa kitu. Counter-Strike 2 ikaja kinyume. Kadi ilitumika asilimia sitini na kitu, tukashusha picha, fremu zikabaki palepale. Mbaya zaidi, moshi ukitanda na watu watano wakifyatuliana risasi, fremu zilikuwa zinaanguka chini ya 100, na mchezaji anahisi mkono umekwama. Wastani ulikuwa mzuri tu, ndiyo maana siutazami peke yake. Natazama yale maporomoko, kwa sababu ndiyo anayoyasikia mtu aliyelipa saa yake.

Tulipokuwa humohumo tukaikuta mashine moja, iliyonunuliwa mtumba, ina ramu ya kipande kimoja tena inakwenda kwa 2133 wakati imeandikwa 3200. Kuongeza kipande cha pili na kuwasha wasifu wa kasi kwenye bayosi, programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, kuliipandisha kuliko asilimia nyingi nilizowahi kuziona kwenye matangazo. Kabla hujanunua prosesa yoyote, litazame hili kwanza.

Kwa mashine mbili za Counter-Strike nikachagua Ryzen 7 5700X3D. Ilitoka Januari 2024 kwa dola 249 za Marekani, na inaingia kwenye soketi ileile ya AM4 iliyo kwenye mazabodi zetu. Ukienda 9700X, ambayo ilianzia dola 359, lazima ununue na mazabodi mpya na ramu za aina mpya ya DDR5, yote hayo yapande boti kutoka Kariakoo. Sasa tazama namba zinazopenda kuandikwa kubwa kwenye boksi: 3600 inafika gigahezi 4.2, na 5700X3D inafika 4.1. Ukisoma gigahezi tu utaona umerudi nyuma. Siri iko kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe: 3600 ina megabaiti 32 zilizogawanywa mafungu mawili, hii ina 96 kwa pamoja. Ni kama muuza urojo mwenye bajia, viazi, mishikaki na chatne vyote mezani mbele yake. Hanyanyuki kwenda ndani kwa kila bakuli. Gemu inarudia kuuliza data ileile, na safari ya kwenda kwenye ramu ndiyo inayoila fremu.

Kuifunga kunataka utulivu. Bayosi isasishwe kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa. Niliunganisha mashine kwenye UPS, nikasubiri jioni iliyotulia, nikaweka faili kwenye flashi na sikugusa kitu mpaka ilipojiwasha tena. Halafu tukacheza gemu kidogo ili pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na feni, ilainike. Prosesa za AM4 zina vijipini chini, na ukilivuta feni likiwa baridi prosesa hung'oka nalo na pini zikapinda. Nililizungusha kushoto na kulia taratibu, likaachia. Kijana alikuwa kashika tochi ya simu kimya, na pini zilipotoka zimenyooka tukapumua sote.

Joto nalo lihesabiwe. Mchana wa kaskazi chumba changu hakina uhusiano wowote na maabara yenye kiyoyozi, na kila wati inayogeuka joto nailipia kwenye tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. 14900K inaruhusiwa kufika wati 253. 5700X3D imeandikwa 105, na kwenye gemu hula chini sana ya hapo.

Wanaokuja kuniuliza kuhusu Core i9-13900K za mtumba kwa bei poa, nawajibu bila kuzunguka: wasinunue wasipojua ilikotumika. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 za Intel zilikuwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi na kuzichosha. Marekebisho ya bayosi yalitoka Agosti 2024 na Intel ikaongeza dhamana kwa miaka miwili, ila marekebisho hayaiponyeshi iliyokwisha kuharibika, na mtumba wa mkononi hauji na risiti.

Baada ya kubadilisha, moshi ukitanda fremu sasa haziporomoki tena chini ya uwezo wa skrini zile mbili za 144. Mashine zilizobaki sikuzigusa. Zinachezewa mpira, skrini zake ni za hezi 60, na 3600 inazijaza bila taabu; fedha yake nimeiweka kwa ajili ya kadi ya picha.