Wittgenstein na Augustino

Wiki hii nasoma kwenye daladala Wittgenstein, mwanafalsafa mzaliwa wa Austria ambaye wengine husema aliipa mgongo falsafa ya Magharibi, na kilichonishika zaidi ni jinsi anavyowapita wazee wa falsafa bila hata kubisha hodi. Inasimuliwa aliwahi kusema hajasoma neno hata moja la Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale! Jamaa alikuwa kwenye uhandisi Manchester, ndipo mwaka 1911 akamfuata mwanafalsafa Bertrand Russell kule Cambridge.

Lakini fungua kitabu chake Philosophical Investigations (Uchunguzi wa Kifalsafa), kilichotoka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake. Kinaanza na Kilatini cha Mtakatifu Augustino, askofu na mwanafikra wa kale, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo. Augustino anaeleza alivyojifunza kusema akiwa mtoto: wakubwa wanataja kitu huku wakikielekea, naye anashika jina lake.

Wittgenstein hamkejeli. Anamtuma mtu dukani na kikaratasi: matufaha matano mekundu. Muuzaji anafungua droo yenye jina la matufaha, anatafuta rangi nyekundu kwenye jedwali, kisha anahesabu moja, mbili, hadi tano, akitoa tufaha kwa kila namba. Haya, tufaha unaweza kumwonyesha mtoto, ila hiyo "tano" ilionyeshwa kwa kidole gani?

Hapo nilicheka peke yangu, abiria wa pembeni akanitazama.

Wanaosema aliipa mgongo falsafa ya Magharibi siwaelewi vizuri. Mtu aliyeipa mgongo hamweki mzee wa karne ya nne mlangoni kisha akabishana naye kurasa kwa kurasa. Ila kusema kweli, Kilatini kile nilikiruka, nikaenda moja kwa moja kwenye tafsiri.