Fromaji ya Masisi

Jumamosi tulipanda Masisi na watoto na mama mkwe, kuona inakotoka fromaji, yaani jibini, tunayonunua kila wiki hapa Goma. Baridi ya kule milimani, jamani! Papa mwenye shamba alipasha maziwa yakawa vuguvugu tu, akatia dawa ya kugandisha, tukangoja. Yalipoganda akayakatakata kwa kisu kirefu, maji ya kimanjano yakaanza kujitenga. Binti yangu alipewa kibonge kibichi kiganjani, bado kina joto. Kilikuwa kinalia kwenye meno yake, akacheka mpaka basi. Kilo moja inakula karibu lita 10 za maziwa! Wanaoendelea kufuga kule miaka hii yote ya vita, nawaheshimu mno. Tumerudi na mbili za mviringo. Moja imeshaisha.