Walimwandika miaka 19

Huku kwetu Zanzibar jela haiitwi jela. Inaitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa huitwa mwanafunzi. Nimekua nikiyasikia maneno hayo na sikuwahi kuyatia moyoni, mpaka siku niliyosimama langoni na kanda yangu ya chakula, mama mmoja tuliyekuwa tukingoja pamoja akanigeukia: "Na wewe shoga, mwanafunzi wako nani?"

Nilishindwa kumjibu. Mwanafunzi wangu alikuwa wa kidato cha pili, na wiki ile ndiyo wenzake walikuwa wanaingia kwenye mtihani.

Ulikuwa msimu wa karafuu wa 2018, hapa Pemba. Ni mtoto wa dada yangu. Mama yake yuko Muscat, anafanya kazi za nyumbani, na mimi ndiye niliyeachiwa. Karafuu alichukua, sitaficha. Pakacha moja la karafuu mbichi, hata pishi tatu hazifiki, kutoka shamba la mzee mmoja aliyekuwa akimchumia baada ya skuli. Yeye anasema alikuwa anadai pishi za wiki mbili hajalipwa. Mzee anasema alimlipa. Walimkamata njiani Jumanne usiku, wakampiga vibao, wakampeleka kituoni na pakacha lake. Anayeijua Pemba wakati wa vuno anajua kwamba karafuu mbichi si jambo dogo. Humo mna ada ya skuli, mna bati la nyumba, mna mahari. Mzee wa watu kukasirika sikumlaumu na silaumu hadi leo.

Nilifika kituoni alfajiri na chupa ya chai ya rangi na boflo. Kijana wetu ni mrefu. Alikuwa na miaka 15 lakini nikisimama naye nafika begani, na masharubu yalikuwa yameshaanza kumtoka. Aliyemwandika usiku ule alimtazama tu, akaandika 19. Mtoto mwenyewe kwa hofu hakufungua mdomo. Na mimi nilisimama pale mezani, nikaomba chai ipelekwe ndani, nikashukuru, nikaondoka. Sikuuliza hata mara moja wameandika umri gani. Sikujua kama hilo ni swali la kuulizwa.

Sasa najua. Tunayo Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, inayosema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mtoto akishitakiwa ana mahkama yake, Mahkama ya Watoto, na watu wa Ustawi wa Jamii wana kazi yao katika kesi yake. Sheria hiyo ilisifiwa duniani, na mwaka 2015 ikapewa tuzo ya dhahabu ya kimataifa. Juu yake uko Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na kifungu chake cha 37 kinasema mtoto asifungiwe ila pale ambapo hakuna njia nyengine, na iwe kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Yote hayo yapo. Tarakimu mbili zilizoandikwa kwa kutazama masharubu zikayaweka kando.

Mahkamani alisimama na watu wazima. Dhamana ikawa wadhamini wawili, mmoja awe mfanyakazi wa Serikali. Mwalimu wake alikubali siku ile ile, Mungu amlipe. Wa pili alikubali asubuhi, jioni akarudi kuniambia hawezi, kwa sababu mwenye shamba ni ami wa mkewe. Ikaingia Ijumaa, ikaingia wikiendi. Akakaa ndani siku kumi na moja.

Nilipomuona mara ya kwanza alikuwa amekonda shingo. Hakulia. Aliniuliza, "Mama mdogo, wenzangu wameshafanya Hisabati?" Nikamwambia bado, na ilikuwa uongo, walikuwa wameifanya jana yake. Akaniambia usiku halali, anakaa kaegemea ukuta mpaka adhana ya alfajiri, ndipo anapata usingizi kidogo wenzake wakiamka kusali. Nilimletea samaki wa kukaanga na muhogo. Alikula muhogo, samaki akamfunga tena kwenye karatasi. Nikamuuliza mbona huli? Akasema samaki atampelekea mtu mmoja ndani. Sikumuuliza ni nani, wala kwa nini ampelekee. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Aliyetuokoa ni askari mmoja mzee, wa pale pale. Nilipokuwa natoka akaniita pembeni. "Bi mkubwa, yule mwana wenu ana miaka mingapi?" Nikamwambia 15. Akatikisa kichwa. "Huku kaja na karatasi ya mtu mzima. Mimi nimelea, nikimuona mtoto namjua. Nenda kalete cheti."

Cheti! Kijana alizaliwa nyumbani, na cheti hakikuwahi kuchukuliwa. Usiku ule nililishusha sanduku la dada yangu kutoka juu ya kabati, nikatoa kanga, picha za harusi, barua za zamani, na chini kabisa kwenye mfuko wa nailoni nikaikuta kadi yake ya kliniki. Bati letu lilikuwa likivuja miaka ile, maji yaliingia mpaka sandukuni, kadi imeliwa pembeni na wino umegeuka rangi ya chai. Lakini vile vidoti vya uzito vilionekana, mwezi baada ya mwezi, vikipanda, vikashuka kidogo pale alipougua surua, vikapanda tena. Na tarehe ya kuzaliwa ilisomeka. Nilikaa chini nikailamba kwa macho tarehe ile kama aya.

Asubuhi nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, akaniandikia barua. Kwa barua na kadi nikaenda ofisi ya usajili, kutoka hapo nikaenda Ustawi wa Jamii. Dada mmoja kijana alinisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu yake. Kesho yake alikuja nyumbani, akakaa jamvini, akauliza mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyauliza: nani anamuamsha, anakula na nani, mama yake hupiga simu siku gani. Aliandika kurasa nne. Zilipofika mahkamani, kijana alirudi nyumbani siku ile ile. Kesi yenyewe iliisha kwa suluhu: alilipa pakacha kwa kuanika na kuanua karafuu za mzee msimu mzima, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpa chakula cha mchana.

Lakini mtihani ulikuwa umepita. Aliambiwa arudie mwaka. Alirudi skuli miezi mitatu, kisha akaacha, kwa sababu darasa lilimpa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Sasa anaunda boti huko Wete, ana mikono mizuri, na bado halali mpaka mlango ufungwe kwa ndani.

Mwaka mmoja baada ya yale, Umoja wa Mataifa ulitoa utafiti wake mkubwa kuhusu watoto walionyimwa uhuru. Walikadiria kwamba watoto wasiopungua 410,000 kila mwaka hukaa rumande na magerezani duniani. Nilipoisoma idadi ile nilifikiria jambo moja tu: wetu hayumo. Kwenye karatasi alikuwa mtu mzima. Na sijui vipi mtu angeweza kuwahesabu walio kama yeye.

Siku hizi watoto wote wa nyumba yangu wana vyeti, na nakala zimo kwenye mfuko mmoja msumarini, nyuma ya mlango. Mwezi uliopita jirani alinigongea saa tano usiku, mwanawe kakamatwa kwa ugomvi wa mpira. Alikuwa analia, anatafuta viatu, anatafuta chakula cha kumpelekea. Nikamwambia chakula baadaye, cheti kiko wapi? Tukakitafuta kwa tochi ya simu, tukakipata ndani ya msahafu.

Kituoni nilisalimia, nikaitikiwa vizuri. Jirani akataka kuanza kusimulia ugomvi ulivyokuwa, nikamshika mkono.

"Samahani, mwanangu," nikamwambia askari. "Mmemwandika miaka mingapi?"

Akakigeuza kitabu upande wangu. Pale penye umri palikuwa hapajaandikwa kitu. Nikakiweka cheti juu ya ukurasa.